Bibi wa Tembo

Je, umewahi kuchimba maji mtoni wakati wa kiangazi? Tembo wa Tarangire hufanya hivyo hivyo. Huchimba mchanga kwa miguu na mkonga, kisha hungoja maji yajae. Wanyama wengine hunywa baadaye.

Kundi la tembo huongozwa na jike mzee. Huyu ni kama bibi yao. Mwaka 1993 ukame ulikuwa mkali. Katika ndama 81 waliochunguzwa, 16 walikufa kwa miezi 9. Makundi yaliyotoka hifadhini kwenda mbali yalipoteza ndama wachache. Makundi yaliyobaki yalipoteza wengi. Kwa nini hayakuondoka? Wataalamu wanadhani hayakuwa na bibi wa kuyaonyesha njia. Majangili walikuwa wamewaua majike wazee kwa sababu ya pembe.