Kabla Hujanunua Stesheni Wagoni ya Dizeli

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Ukianza na jambo hilo moja na kulifuata hatua kwa hatua, utafika mahali ambapo unaweza kusimama mbele ya gari kuukuu katika yadi yoyote ya Nairobi na kuamua mwenyewe kama linakufaa, bila kumtegemea dalali.

Kama hakuna cheche, moto unatoka wapi? Unatoka kwenye hewa. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara kadhaa. Upande wa chini utapata joto. Kazi uliyoifanya kwa mkono wako kuibana hewa imeingia ndani ya hewa yenyewe, chembe zake zikaongeza mwendo, na joto ni mwendo huo wa chembe. Pistoni ya dizeli hufanya vivyo hivyo, ila kwa ukali: huichukua hewa iliyoijaza silinda na kuibana ikae katika nafasi iliyo ndogo mara 18 hivi. Hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi hufika mwisho wa mbano ikiwa imepita nyuzi 500. Dizeli huwaka yenyewe kwenye joto lisilofika hata 300. Basi injekta inapoinyunyiza ndani ya hewa ile, hushika moto palepale.

Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1893. Injini yake ilipopimwa Augsburg mwaka 1897 iligeuza takriban robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke za siku zile zilipata asilimia kumi hivi. Siri ni mbano. Gesi iliyobanwa sana ina safari ndefu ya kutanuka, na katika kutanuka huko ndiko inakoisukuma pistoni kabla ya kutupwa nje kupitia ekzosi. Petroli haiwezi kubanwa kiasi hicho kwa sababu huingia ikiwa tayari imechanganyika na hewa. Ukizidisha mbano, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kuiumiza injini. Ndiyo maana injini nyingi za petroli huishia kwenye mbano wa mara kumi hivi.

Kuna sababu ya pili, nayo inamhusu sana mtu wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, anayekwenda mjini asubuhi kwa Barabara ya Jogoo. Injini ya petroli hupunguziwa nguvu kwa kuzibiwa hewa. Ukiachia pedali, kizibo hufunga njia, na pistoni hubaki zikivuta hewa kupitia mlango uliofungwa. Kazi hiyo ya bure inagharimu mafuta. Dizeli huachiwa hewa yote. Kinachopunguzwa ni mafuta tu. Kwa hiyo gari likisimama kwenye foleni karibu na City Stadium injini ikinguruma tu, dizeli hula kidogo kuliko petroli. Ongeza pia kwamba lita ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, ya petroli 32, na kwa kawaida bei ya dizeli ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza kila mwezi huwa chini ya ile ya petroli.

Wauzaji wengi huishia hapo, na wanunuzi wengi nao huamini kuwa hesabu imekwisha. Bado.

Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kilopaskali 83 hivi. Mombasa ni 101. Kila mara pistoni inapovuta pumzi huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, hupata hewa pungufu kwa takriban sehemu moja kwa sita. Kuichoma lita moja ya dizeli kwa ukamilifu kunahitaji kilo 12 hivi za hewa, ambazo kwa hewa nyepesi ya Nairobi ni karibu mita 12 za ujazo. Injini za zamani zisizo na tabo, kama ile ya 2C iliyofungwa kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zina pampu inayopima mafuta kwa kufuata mguu wa dereva na mzunguko wa injini. Haijui hewa imepungua. Hivyo gari lililosetiwa kwa usawa wa bahari humwaga mafuta yaleyale, hewa haitoshi kuyachoma, na kaboni iliyokosa oksijeni hutoka nyuma ikiwa masizi meusi. Ukipanda hadi Timboroa, juu ya mita 2,700, zaidi ya robo ya hewa imekwisha.

Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingevuta yenyewe. Kwa mtu wa pwani ni nyongeza ya nguvu. Kwa mtu wa Nairobi hurudisha kile ambacho mwinuko umekiondoa. Kama nina ushauri mmoja usio na masharti katika makala hii, ni huu: dizeli ya bara iwe na tabo. Isiyo na tabo ichukue tu kama mwendo wa polepole haukusumbui, na fundi wa pampu yuko tayari kupunguza kipimo cha mafuta ili usiwapulizie jirani zako moshi.

Jirani ni jambo zito hapa. Mbotela ni mtaa wa nyumba za halmashauri ya jiji, uliopewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union (KAU) aliyeuawa mwaka 1952. Milango iko karibu na njia, na watoto hucheza pale magari yanapoegeshwa. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Chembe za masizi ni ndogo kiasi cha kupita koo na kufika chini kabisa mapafuni. Kwa hiyo suala la moshi halimhusu mwenye gari peke yake.

Ili kuzuia masizi hayo, dizeli za kisasa zimewekewa kichujio ndani ya ekzosi, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, DPF. Hunasa masizi kama ipasavyo, lakini masizi hayo lazima yaende mahali, la sivyo kichujio kitaziba. Njia pekee ni kuyachoma, na kaboni hiyo inahitaji joto la nyuzi 600 hivi. Moshi wa gari linalotambaa kwenye foleni huwa na nyuzi 200 tu. Kompyuta ya gari, ikiona kichujio kimejaa, huongeza mafuta kidogo mwishoni mwa kila mwako ili kuupasha moshi moto. Kazi hiyo inahitaji dakika 15 au 20 za mwendo usiokatika. Ukitoka Mbotela hadi Muthurwa, ukazima gari, kazi imeachwa njiani. Kesho inaanza tena, inakatwa tena. Wakati huohuo, yale mafuta ya nyongeza hayachomeki yote. Mengine huteremka kwenye kuta za silinda, hupita ringi za pistoni na kuingia kwenye oili. Oili huwa nyepesi, kiwango chake hupanda badala ya kushuka, na tabo, ambayo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili hiyohiyo, huanza kusagika.

Gereji nyingi zina dawa ya haraka: kukikata kichujio na kukitupa. Gari hupona, naam, lakini masizi yaliyokuwa yananaswa sasa hutoka yote mbele ya milango ya watu. Sikubaliani na dawa hiyo hata kidogo. Kama safari zako haziwezi kukisafisha kichujio, umenunua injini isiyokufaa.

Hesabu nayo inasema hivyo. Tuchukue mfano wa petroli kuwa Sh180 kwa lita na dizeli Sh170. Mtu anayeendesha kilomita 15 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, humaliza kilomita 4,500. Akiwa na petroli inayokwenda kilomita 12 kwa lita, atalipa Sh67,500. Akiwa na dizeli inayokwenda 15, atalipa Sh51,000. Ameokoa Sh16,500, na injekta moja ikiharibika fedha hiyo imekwenda. Sasa mchukue fundi au mfanyabiashara anayeishi humohumo Mbotela, lakini anayepeleka bidhaa Nakuru na Kisumu, kilomita 30,000 kwa mwaka. Petroli ya kilomita 14 kwa lita itamla karibu Sh386,000. Dizeli ya kilomita 18, karibu Sh283,000. Tofauti ni zaidi ya laki moja kila mwaka, na juu ya hayo barabara ndefu hukichoma kichujio chenyewe bila yeye kujua. Hata mlima hupimika: kulipandisha gari na mzigo, kilo 1,600 kwa jumla, mita 100 kwenda juu ni megajuli 1.6 hivi, sawa na takriban mililita 130 za dizeli kwa injini inayotumia theluthi ya nishati yake.

Magari yenyewe sasa. Wazee wanaikumbuka Peugeot 504 stesheni wagoni, iliyobeba abiria safari ndefu kabla matatu za Nissan hazijatawala. Dizeli yake ya lita 2.3 haikuwa na haraka, lakini ilidumu. Leo ukitaka injini sahili, kuna Nissan AD ya dizeli ya lita 2.2, na Toyota Probox ya dizeli ya lita 1.4 iliyo na tabo. Angalia vizuri hiyo ya pili: Probox nyingi unazoziona Nairobi ni za petroli. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, na Probox za dizeli ni za miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo kila moja unayoiona sokoni imeshatumika humu nchini muda mrefu. Nambari ya injini kwenye logibuku ndiyo ya kuamini, siyo kibandiko cha mlango wa nyuma. Kwa anayetaka gari jipya kidogo kutoka Japani kuna Mazda Atenza wagoni, dizeli ya lita 2.2 yenye mbano wa mara 14 tu. Ni injini ya kupendeza, tulivu, yenye nguvu mlimani, nayo ndiyo hasa itakayokuadhibu kwa safari fupi za mjini.

Mafuta nayo yachunguze. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimepunguza salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na bila hatua hiyo vichujio vya masizi visingeweza kuishi hapa. Hatari iliyobaki ni mafuta ya taa. Kwa miaka mingi yalikuwa rahisi, na wapo waliochanganya. Ndiyo sababu mwaka 2018 serikali iliyatoza ushuru maalumu wa Sh18 kwa lita. Mafuta ya taa huwaka, lakini hayana utelezi wa dizeli. Pampu ya komon reli ya dizeli za kisasa hulainishwa na dizeli yenyewe, si na kitu kingine, na huisukuma kwa shinikizo la baa 1,600 na zaidi kupitia nafasi za maikromita chache. Ikikosa utelezi, chuma hukwangua chuma, na vumbi lake huenda moja kwa moja kwenye injekta zote. Jaza kwenye kituo kimoja unachokijua, ubadilishe kichungi cha dizeli kwa wakati, na maji yaliyotuama chini yake uyamwage.

Ukifika kukagua, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiwashe injini kabla hujafika. Gusa boneti, iwe baridi. Sasa rudi kwenye pampu ya baiskeli. Kama ringi zimelika, hewa inatoroka wakati inabanwa, joto halifiki, na gari litajikongoja kuwaka asubuhi ya baridi ya Julai hata kama mchana linawaka kwa mguso mmoja. Hakikisha kwanza plagi za kupasha moto ni nzima, kisha sikiliza. Moshi mweupe usiokoma ukiwa na harufu kali ni dizeli isiyowaka. Ukiwa na harufu tamu, na maji ya rejeta yanapungua, ni kipozeo kinachopenya ndani ya silinda. Moshi wa bluu ni oili. Mweusi mwingi ni hewa pungufu au mafuta yaliyozidi: kichungi kilichoziba, mpira wa tabo uliopasuka, au injekta inayovuja. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Upepo wenye mapigo unaokisukuma kifuniko ni ile hewa iliyotoroka kwenye ringi.

Liendeshe hadi lipate joto kamili, ulipandishe kilima ukiwa na watu wanne ndani. Likirudi, lizime, subiri dakika kumi oili iteremke, kisha uvute kijiti cha kupimia. Kama oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli, gari hilo limeishi kwenye foleni za mjini. Rudisha ufunguo, hata kama bei imeshushwa.