Ondoa au Chota? Neno Moja katika Kazi ya Maabara

Mwenzangu wa kemia aliniletea karatasi ya maabara iliyoandikwa kwa Kifaransa, niitie katika Kiswahili. Ilieleza namna ya kutoa lipidi katika chembe za bakteria. Njia hiyo ni ya Bligh na Dyer, iliyochapishwa Kanada mwaka 1959. Wao waliijaribu kwa nyama ya samaki, lakini leo hutumika sana kwa bakteria.

Lipidi nyingi za bakteria zimo katika utando unaozunguka chembe. Kwa sehemu 0.8 ya maji yenye bakteria hutiwa sehemu 1 ya klorofomu na 2 za metanoli. Vipimo hivyo vikishikwa, vyote huwa kimiminika kimoja. Kisha huongezwa klorofomu sehemu 1 na maji sehemu 1, na mchanganyiko hujigawa matabaka mawili.

Hapo ndipo nilipokosea. Kifaransa kilisema « prélever » tabaka la chini, nami nikaandika: "Ondoa tabaka la chini." Mwenzangu aliposoma akaniuliza: "Nikishaliondoa, nalimwaga wapi?" Kazi yake yote ingeishia kwenye ndoo ya taka! « Prélever » ni kutoa ili uweke, « éliminer » ni kutoa ili utupe. "Ondoa" yetu hubeba yote mawili, na msomaji wa maabara hana muda wa kukisia.

Tena kichwani nilikuwa na neno "mafuta". Kila aliyepika sombe anajua kwamba mafuta huelea, basi la chini nikalidhania maji matupu. Kumbe lipidi zimeyeyuka katika klorofomu, na mililita moja ya klorofomu ina uzito wa karibu gramu 1.5. Kwa hiyo hukaa chini. Juu hubaki maji na metanoli, pamoja na chumvi na sukari. Tangu siku hiyo naandika "lipidi", hata kama sikio halijazoea.

Sentensi sasa inasema: "Chota tabaka la chini, ulitie katika chupa safi ya kioo." Kioo nimekitaja makusudi, kwa sababu klorofomu huyeyusha plastiki kadhaa.

Sehemu iliyobaki haikunisumbua. Klorofomu hukaushwa, lipidi hudondoshwa kwenye bamba la silika, na kimiminika kinachopanda bamba huzitenganisha. Kwa Escherichia coli, doa kubwa ni la fosfatidiletanolamini. Likipuliziwa ninhidrini na kupashwa moto hugeuka zambarau. Mwenzangu alitaka "alama" mahali pa "doa". Nimeacha "doa".