Si Chira, ni Urithi: Somo Kuhusu Selimundu

Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi leo sitaficha la nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa kike ana umri wa miaka tisa na anaugua selimundu. Alipokuwa mchanga, vidole vyake vilivimba, akawa analia usiku kucha. Watu hapa Katito walinong'ona. Wengine eti ni chira, wengine eti mama ndiye aliyeleta damu mbaya katika boma letu. Mama alisikia yote akanyamaza.

Nilipofika kidato cha nne tukafundishwa urithi katika somo la Bayolojia, ndipo nikapata jibu.

Ndani ya seli zetu mna DNA, ambayo ni kama kitabu cha maagizo kilichoandikwa kwa herufi nne. Agizo moja huitwa jeni. Iko jeni inayoeleza jinsi ya kuunda himoglobini, ile inayobeba oksijeni katika damu. Kwa mgonjwa wa selimundu, herufi moja tu ya jeni hiyo imebadilika. Sisi wanachama wa Kiswahili twajua uzito wa herufi: ukiandika "dawa" pahali pa "dada", maana imegeuka kabisa! Himoglobini hiyo ikishatoa oksijeni hushikamana, na chembe nyekundu ya damu hupindika kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu hutoka. Tena huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hivyo damu hupungua.

Je, mbona ugonjwa huu umezidi kwetu? Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Karibu na Pwani na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni hii. Kule nyanda za juu hakufika hata mmoja katika 100. Allison akafikiria mbu. Katika jaribio alilochapisha mwaka 1954, wanaume Waluo 30 waliojitolea waliambukizwa malaria. Kati ya 15 wasio na jeni hii, 14 walipata vimelea. Kati ya 15 walioibeba, ni 2 tu. Kumbe jeni moja humkinga mtu na malaria kali! Ndiyo maana imedumu penye mbu kama kwetu.

Sasa tupige hesabu. Aliyerithi jeni moja huitwa AS, naye kwa kawaida ni mzima. AS wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kupata mtoto SS, yaani mgonjwa. Lazima jeni itoke pande zote mbili.

Nilimchorea baba hesabu hiyo kwenye daftari. Wakaenda kupimwa yeye na mama, wote wakawa AS. Baba alinyamaza kitambo, kisha akamwambia mama mbele yetu, "Kumbe nusu ni yangu." Tangu siku hiyo sijasikia neno chira nyumbani. Mimi pia nilipimwa. Mimi ni AS.

Na tiba je? Iko dawa ya haidroksiurea, ambayo huamsha himoglobini ya utotoni isiyopindisha chembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao Kilifi ilishiriki pamoja na Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kuwa watoto wanaoimeza hupungukiwa na maumivu, malaria na hata vifo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa mbinu ya CRISPR. Seli za uboho wa mgonjwa hutolewa, huhaririwa, kisha hurudishwa mwilini. Lakini bei yake huko Marekani ni kama dola milioni 2.2! Kwetu bado ni ndoto.

Basi wenzangu, lililo karibu nasi ni kupimwa. Ujue hali yako kabla ya kuoa au kuolewa, na mtoto apimwe mapema ili atibiwe. Na ukisikia mama analaumiwa kwa damu ya mwanawe, toa daftari, umchoree mlaumu hesabu.