Mbio za Pikipiki Barabarani na Jeraha la Kichwa: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Jamii

Utangulizi

Mbio za mstari mnyooka ni mashindano ambayo vyombo viwili vya moto huondoka kwa pamoja vikiwa vimesimama, na mshindi ni yule anayetangulia kumaliza umbali uliowekwa, ambao kwa desturi ni mita 402. Nchini Marekani, chama cha NHRA kilianzishwa mwaka 1951 kwa lengo la kuwaondoa vijana katika barabara za umma na kuwapeleka kwenye viwanja vyenye kanuni. Mkoani Singida, hamu hiyohiyo hukutana na pikipiki na barabara kuu. Lami itokayo Dodoma kupitia Manyoni hadi Singida ina vipande virefu vilivyonyooka, navyo huwashawishi vijana kupimana ubavu. Barabara hiyo pia ina malori, watembea kwa miguu na mifugo, na mkoa wenyewe unajulikana kwa upepo mkali, ambao ukivuma kutoka ubavuni huweza kumyumbisha mwendeshaji.

Kasi na mwili

Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, nishati huwa mara nne. Kugonga kitu kisichosogea kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa takribani mita 10. Kwa kilomita 100 kwa saa, ni takribani mita 39. Kwa kasi hiyo ya pili, mwendeshaji anayechelewa kushika breki kwa sekunde moja huwa amekwishapita mita 28.

Fuvu linaposimama ghafla, ubongo huendelea kusogea na kujigonga ndani yake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa takribani asilimia 42 na ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69. Kofia isiyofungwa mkanda kidevuni huweza kuchomoka kabla kichwa hakijagonga chini.

Nafuu ya udanganyifu

Tutazame mfano wa kufundishia. Kijana wa miaka 22 anaanguka katika mbio, anazimia kwa dakika chache, kisha anaamka. Anazungumza vizuri na kusema, "Mimi mzima." Wenzake wanamrudisha nyumbani alale. Baada ya saa chache kichwa kinamuuma sana, anatapika, na hatimaye haamshiki.

Kilichotokea ni hiki: mfupa wa panja ni mwembamba, na chini yake hupita ateri. Mfupa ukivunjika, ateri huweza kupasuka na damu kujikusanya taratibu kati ya fuvu na utando wa ubongo. Mwanzoni nafasi inatosha, hivyo mgonjwa huonekana mzima. Nafasi inapokwisha, ubongo hukandamizwa. Damu hiyo ikiondolewa mapema kwa upasuaji, wengi hupona. Ikichelewa, kifo huja haraka.

Kwa sababu hiyo, aliyezimia hata kwa muda mfupi apelekwe kituoni. Dalili za hatari ni maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mboni zisizolingana, na damu au majimaji kutoka masikioni au puani.

Kwa mhudumu wa zahanati na kituo cha afya

Hakikisha njia ya hewa iko wazi huku shingo ikilindwa, kisha zuia damu inayotoka. Oksijeni katika damu isishuke chini ya asilimia 90, na shinikizo la juu la damu la kijana lisipungue 110. Upungufu wa vitu hivi viwili huua seli za ubongo zilizosalimika katika ajali yenyewe.

Pima fahamu kwa kipimo cha Glasgow kila nusu saa kwa saa mbili za mwanzo, na andika kila tokeo pamoja na saa. Alama zikishuka, hali ni ya dharura hata kama mgonjwa bado anaongea. Akifikia alama 8 au chini yake, hawezi kulinda njia yake ya hewa. Asidi ya traneksami hufaa ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Kutoka Singida hadi Dodoma ni takribani kilomita 240. Hivyo uamuzi wa rufaa ufanywe mapema, kabla fahamu haijapotea.

Kwa mwenye hamu ya kushindana

Katika mbio za ridhaa zenye usimamizi, chombo hukaguliwa na mavazi ya kinga ni lazima. Upo pia utaratibu ambao kila mshiriki hutangaza muda atakaotumia. Akimaliza kwa muda mfupi kuliko huo, hushindwa. Hata hivyo, viwanja navyo vina hatari: baada ya Scott Kalitta kufariki mashindanoni mwaka 2008, NHRA ilipunguza umbali wa madaraja yenye kasi kubwa zaidi hadi mita 305.

Mwenye kifafa, ugonjwa wa moyo au kisukari aonane na daktari kabla ya kushindana. Pombe, uchovu na dawa za mafua zinazoleta usingizi haziendani na mbio zozote.

La kukumbuka

Ajali ikitokea, piga 112 na usimwinue majeruhi kwa kumvuta mikono. Akiamka na kudai kuwa mzima, mpeleke kituoni vilevile.