Mpira wa mkojo ukirudi nao nyumbani

SWALI: Daktari, babangu ameruhusiwa kutoka hospitali akiwa na mpira wa mkojo. Tunamuuguza hapa Likoni. Tuutunze vipi?

JIBU: Pole kwa kuuguza, mwanangu. Anza na karatasi ya kuruhusiwa: mpira uliwekwa kwa nini, na utabadilishwa au kutolewa lini? Kama hayakuandikwa, rudini mkaulize. Wazee wengi huambukizwa kwa sababu mpira umesahaulika mwilini, na kila siku ya ziada huongeza hatari.

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuushika. Msafishe kila siku kwa maji safi na sabuni ya kawaida pale mpira unapoingia, ukipangusa kutoka mwilini kwenda nje. Dawa kali za kuua viini huchoma ngozi, ziacheni. Mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu daima bila kugusa sakafu. Hata kwenye feri, msiupakate. Mwageni mkojo kabla mfuko haujajaa.

Mkojo kuwa na ukungu tu si sababu ya kununua antibiotiki dukani. Lakini akipata homa, kutetemeka, damu kwenye mkojo, maumivu chini ya kitovu au kuchanganyikiwa ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, Likoni au Coast General ng'ambo. Mfuko ukikaa mtupu kwa saa kadhaa, tazameni kama mpira umejikunja. Kama sivyo, msingoje kuche.

Na tafadhali, asiuvute mtu: ndani ya kibofu kuna kipira kilichojazwa maji, nacho kitamjeruhi.