Kupitisha Dawa Katika Ngozi

Ndugu wanachama,

Vuno lililopita mzee mmoja alikuja ofisini akakunja mikono ya kanzu. Viwiko vyote viwili vilikuwa na mabaka manene yenye magamba meupe. Daktari amemwambia ni soriasisi. Wachumaji wenziwe walikataa kula naye sinia moja, naye kila usiku alijipaka mafuta ya makonyo. Ameniruhusu niyaandike haya bila ya jina lake.

Kwanza, soriasisi haiambukizi. Ni kinga ya mwili wenyewe inayoishambulia ngozi. Ngozi nzima hujibadili kwa muda wa kama mwezi. Penye baka hujibadili kwa siku chache tu, ikarundikana.

Sasa dawa. Tabaka la juu la ngozi ni mfano wa ukuta: matofali yake ni seli zilizokufa, na udongo wake ni mafuta. Chembe kubwa hazipiti hapo. Tena mwenye kupaka dawa juu ya magamba amewatibu magamba. Ndiyo maana madaktari huanza kwa kuyalainisha, kwa marhamu ya asidi ya salisiliki. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walionyesha kuwa dawa za steroidi zikifunikwa kwa plastiki huingia zaidi mno. Lakini msijifunike bila ya amri ya daktari, kwani steroidi ikizidi hukondesha ngozi. Na ngozi si moja: mwaka 1967 Feldmann na Maibach walipima haidrokotisoni wakaona ngozi ya korodani hupitisha mara 42 kuliko ya mkono. Basi dawa ya kiwiko na ibaki kiwikoni.

Ama mafuta yetu, zaidi ya asilimia 80 ni eugenoli. Wataalamu wameijaribu katika maabara, na kweli huifungulia dawa njia katika ngozi. Nilifurahi kuyasoma hayo, nikaona soko. Lakini eugenoli hiyo hiyo huchoma, na wengine huwapa mzio. Naye Heinrich Köbner, daktari wa Breslau, alieleza katika miaka ya 1870 kuwa ngozi ya mgonjwa huyu ikijeruhiwa, baka jipya huweza kuota pale pale. Mzee wetu yalimwota mapya kila mafuta yalipochirizika.

Mafuta ameyaacha, anatumia dawa ya hospitali. Vuno hili atakuwapo kambini. Nawaomba mumkaribishe kwenye sinia.

Katibu wenu