Namna ya Kugeuza Tramu Bila Kuinyanyua

Wenzetu wa klasi ya kwanza wametuuliza mara nyingi juu ya nini katramu ketu kanafika mwisho wa ubao, kanazunguka, halafu kanarudi kenyewe pasipo mtu kukagusa. Tunawajibu hapa. Tena kuna jambo la mabuye ya redio ambalo inafaa liandikwe, kwa sababu lilisemwa mbele ya wote.

Kwetu Masisi na Walikale hakuna reli. Zilizo upande wetu ni zile za Lualaba: ya Kisangani mpaka Ubundu, kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906, na ya Kindu mpaka Kongolo, ya mwaka 1911. Zilijengwa ili kupita kando ya maporomoko, pale mashua haziwezi kupanda. Wengi wetu hatujaziona. Tunachokijua sisi ni chukudu. Chukudu ikifika sokoni na makala yake, mwenyewe anakamata usukani, anaizungusha, basi. Lakini gari la reli halina usukani, linafuata chuma tu. Mashini za moshi ziligeuzwa juu ya meza ya chuma inayozunguka, ao kwa njia ya pembe tatu. Tramu za mji zinapendelea kitanzi: reli inatoka kwenye njia kubwa, inazunguka kama kitanzi cha kutega ndege, inarudi mahali pale pale ilipotokea.

Je, tramu haiwezi kurudi kinyumenyume? Inaweza, lakini ile yenye mti mmoja wa kukamata kuranti juu ya paa inasumbua. Mti unapaswa kuvutwa nyuma. Ukisukumwa mbele, unakwama kwenye waya na kuvunjika. Tena ziko tramu za upande mmoja. Bruxelles, kuanzia mwaka 1951, walileta tramu za PCC zenye dereva mbele tu na milango upande wa kuume tu. Gari kama hilo likifika mwisho wa njia pasipo kitanzi, limepotea.

Sasa makosa yetu. Mara ya kwanza hatukuweka waya juu. Tulipigilia reli mbili za waya wa ua juu ya ubao, moja tukaifunga kwenye + ya mabuye, nyingine kwenye −. Mota ilitoka katika redio-kaseti iliyokufa. Kwenye njia iliyonyooka katramu kalikimbia vizuri. Jioni moja tukamaliza kitanzi, giza likaingia, tukaacha nyuzi zimefungwa, tukaenda kula. Asubuhi mabuye yote 4 yalikuwa yamekufa.

Tulimshitaki mdogo wetu mmoja wa klasi ya pili kwamba aliyatumia usiku katika tochi yake. Alikana. Hatukumsikia, tukamlipisha mawili. Tuliponunua mengine na kuyafunga, yalipata moto mikononi mwetu, na katramu hakakuwa hata juu ya reli! Hapo ndipo mwalimu wa fizike alituambia tuweke kidole juu ya reli na kuifuata.

Nanyi jaribuni juu ya karatasi. Anza na reli ya kushoto, ile ya +. Ifuate mpaka kwenye kitanzi, zunguka nayo, usiiache. Ukirudi kwenye njia kubwa, kidole chako kimeangukia reli ya −. Ni kama mtu anayetoka Masisi kwenda Nyabiondo: mlima uliokuwa kushoto wakati wa kwenda uko kuume wakati wa kurudi, na mlima haukuhama. Basi + na − zilikutana chuma kwa chuma. Kuranti ilipita njia ya mkato usiku kucha pasipo kufanya kazi yoyote. Mwizi alikuwa kitanzi chetu. Yale mabuye mawili tumemrudishia mdogo wetu, na tunasema hapa kwamba hakuiba.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kukata reli zote mbili pande zote mbili za kitanzi, kile kipande kiwe kirefu kupita gari, na kuweka swichi ya kugeuza + na − ya njia kubwa wakati gari liko ndani. Inafaa, lakini mtu lazima akae pale. Ya pili ndiyo ya tramu za kweli: + inapita katika waya mmoja juu, na reli zote mbili ni −. Basi hata reli ya kushoto ikigusa ya kuume, hakuna neno, ni ndugu. Katanga pia, treni za umeme zilizoanza mwaka 1952 kati ya Likasi na Tenke zilichukua kuranti kwa waya mmoja wa juu, na reli zikairudisha.

Imebaki njia panda. Wafaransa wanaita sindano kile chuma chembamba kinachosogea ili kuchagua njia. Yetu inavutwa na kipande cha mpira wa ndani wa velo, inakaa daima upande wa kuume. Katramu kakifika, kanaingia kuume; kakirudi kwa upande wa kushoto, magurudumu yenyewe yanasukuma sindano, yanapita, na mpira unairudisha. Ndiyo maana hakuna mkono wa mtu.

Angalieni nguvu ya mpira. Mara ya kwanza katramu kalikuwa kepesi na mpira mkali, kakaruka nje ya reli kila mara. Tuliweka kajiwe ndani na kupunguza mpira kuwa uzi mwembamba. Na njia panda ya waya wa juu isiwekwe juu ya sindano kabisa. Isogezeni mbele kidogo, mahali katramu kameisha kuanza kupinda, ili mti ufuate upande ule ule.

Kabla ya kufunga mabuye mapya, ondoeni gari, mpitishe kuranti kwanza katika ampuli ya tochi. Ikiwaka, msiendelee, kuna mahali chuma kinagusa. Yetu iliwaka tena juma lililopita, na tulitafuta saa nzima: msumari mmoja wa nguzo ulikuwa umegusa reli chini ya ubao.